Historia ya Kiungo cha Waya

Katika kila kitu kilichoundwa na mkono wa mwanadamu, mahali pa kuogopwa zaidi ni pale vipande viwili vinapokutana. Mwashi huchunga pembe ya ukuta, seremala huchunga kiungo cha mlango, na mshoni huchunga mshono wa bega. Mafundi wa visiwa vya Lamu waliounda mitepe ya zamani, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, walijua ya kuwa bahari haiulizi ubao una unene gani, bali huutafuta mshono. Umeme nao una tabia hiyo hiyo. Waya mzima huweza kutumika miaka mingi bila ya kulalamikiwa, lakini kiungo kibaya hakimalizi juma.

Mimi nilifundishwa jambo hili na taa. Katika shule moja ya bweni nilikosomesha, wiki mbili kabla ya mtihani wa kidato cha nne, umeme ulikatika kwa siku nyingi, na wanafunzi wakawa wanasoma usiku kwa taa moja ya nguvu za jua. Jioni moja taa ile ilizimika. Tulipokifungua kisanduku chake tuliona waya mwekundu umechomoka katika kiunganishi cheupe kisichozidi punje ya hindi. Muuza duka alituambia tuitupe tukanunue nyingine, na fedha za kununulia hatukuwa nazo. Mvulana mmoja, mwenye moyo wa kusaidia, akausokota waya kwa vidole na kuubandika mahali pake. Taa ikawaka, na darasa zima likashangilia. Kabla ya saa nne za usiku ilianza kupepesa. Kisha tukasikia harufu ya kitu kinachoungua, tukaona ganda la waya limelainika pale palipoungwa, na giza likarudi.

Kosa la mvulana yule si la kuchekwa, kwa sababu mataifa makubwa yalilitenda kabla yake kwa gharama kubwa zaidi. Watu wameunga waya za umeme kwa zaidi ya miaka 200. Katika muda huo kiungo kimekuwa kidogo mwaka hata mwaka, na kila kilipopungua kilidai maarifa mapya. Tukiifuata historia hiyo hatua kwa hatua tutaona kwa nini taa yetu ilizimika, na ilipasa itengenezweje.

Ufundi wa kulehemu ni wa kale kuliko matumizi ya umeme. Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, aliandika habari za mchanganyiko wa sehemu mbili za risasi na sehemu moja ya bati, ambao mafundi wa zama zake waliungia mabomba. Siri ya mchanganyiko huo ni hii. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232 za joto, na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327. Lakini vikichanganywa kwa kipimo cha bati 63 na risasi 37 katika mia, huyeyuka kwenye nyuzi 183 tu. Shaba haiyeyuki mpaka nyuzi 1,085. Kwa hiyo fundi huweza kumimina lehemu juu ya shaba, ikaingia kila pembe na kuganda, wala shaba yenyewe isidhurike.

Umeme wa kupita mfululizo katika waya ulipatikana mwaka 1800, Alessandro Volta wa Italia alipopanga visahani vya madini mbili mbalimbali, na baina yao akatia vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Tangu siku hiyo kila mtaalamu aliyetaka kufanya jaribio alikuwa lazima aunge waya. Kazi hiyo ilikuwa rahisi maadamu waya ulikuwa mezani, mbele ya macho yake. Matatizo yalianza waya ulipotoka nje ya nyumba na kwenda safari.

Tarehe 24 Mei 1844, Samuel Morse alipeleka habari kwa telegrafu, yaani simu ya maandishi, kutoka Washington hata Baltimore nchini Marekani, mwendo upatao kilomita 60. Waya wa urefu huo hautoki kiwandani ukiwa kipande kimoja, hivyo mafundi walipanda nguzo kuziunga ncha. Wengi walisokota waya tu, kama alivyofanya mvulana wetu, na matokeo yakawa yale yale. Shaba na chuma vikikaa hewani huota ngozi ya kutu. Kutu ikiingia baina ya waya na waya huuzuia umeme kupita. Nao umeme uliozuiwa hugeuka joto, na joto huzidisha kutu. Basi kiungo kilichosokotwa ovyo hujila chenyewe polepole, huku kwa macho kinaonekana kizima.

Dawa iliyopatikana kwa waya za nguzoni ilikuwa kuzipindisha ncha mbili kila moja juu ya mwenziwe kwa mizunguko iliyobanana, kila waya ukivutwa kiungo kizidi kukaza. Kiungo hicho hata leo huitwa kwa jina la kampuni ya telegrafu ya Western Union. Kisha mafundi waliongeza lehemu juu yake ili kuizuia hewa. Hapo yalipatikana mafunzo mawili ambayo hayajatanguka: kiungo hushikwa kwa nguvu ya mbano, na hulindwa kwa kufungiwa hewa nje.

Mtihani mkubwa wa mafunzo hayo ulikuwa baharini. Mwaka 1858 manowari mbili, Agamemnon ya Uingereza na Niagara ya Marekani, zilikutana katikati ya bahari ya Atlantiki, kila moja imepakia nusu ya kebo ya shaba iliyovikwa utomvu mgumu wa mti wa guta-pecha. Mabaharia waliziunga ncha mbili pale pale juu ya mawimbi, kisha merikebu zikaachana, moja ikaelekea Ayalandi na moja Newfoundland, kila moja ikishusha kebo nyuma yake. Mwezi wa Agosti mawasiliano yalipatikana na watu wa pande mbili wakafanya sherehe. Walakini ulinzi wa kebo ile ulikuwa dhaifu, na mtaalamu aliyeisimamia upande mmoja alisukuma umeme wa nguvu nyingi mno ili ujumbe upite haraka. Baada ya majuma machache kebo ilikufa kabisa. Haraka haraka haina baraka.

Waliofuata walikuwa na subira zaidi. Mwaka 1865 meli kubwa Great Eastern ilikuwa ikishusha kebo mpya, nayo ikakatika na kuzama zaidi ya kilomita 3 chini ya maji. Mwaka uliofuata mabaharia walirudi, wakatandika kebo nyingine kwa salama, kisha wakaivua ile iliyopotea kwa kulabu zilizofungwa kwenye kamba ndefu, kama mvuvi anayetafuta mshipi wake gizani. Walipoitoa waliijaribu, wakaikuta hai. Wakauunga mwisho wake na kebo mpya, wakaiendeleza mpaka nchi kavu. Kilichoiokoa kazi ya mwaka mzima kilikuwa kiungo kimoja kilichofanywa kwa uangalifu.

Kwetu Afrika Mashariki, kebo ya chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden, ikaendelea kusini mpaka Durban. Na mwaka 1890 Mombasa iliungwa na Unguja. Reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, waya wa telegrafu ulifuatana nayo kuelekea ziwa Viktoria, ambako reli ilifika mwaka 1901. Wanandi, walioongozwa na Koitalel arap Samoei katika kuipinga serikali ya kikoloni, waliukata na kuuchukua waya huo mara nyingi. Walijua jambo ambalo fundi yeyote analijua: waya ukikatika mahali pamoja tu, urefu wake wote hauna faida.

Karne ya ishirini iliuingiza umeme nyumbani, na kazi ya kuunga waya ikaingia nao. Zamani fundi alitia chuma cha kulehemu katika makaa, akakitumia kwa haraka kabla hakijapoa. Mnamo mwaka 1921 Ernst Sachs, Mjerumani, alianza kutengeneza mjini Berlin vyuma vya kulehemu vilivyopata joto kwa umeme. Chuma cha namna hiyo hukaa na joto moja, hivyo kijana aliyependa redio aliweza kuketi mezani kwao akaunga waya siku nzima. Taratibu za kazi hiyo hazijabadilika sana. Huondolewa ganda la waya. Hupakwa ulimbo wa msonobari, ambao ukipata moto hula kutu. Hutiwa joto penye waya na penye pini pamoja, kisha lehemu huguswa mahali penye moto, si juu ya chuma chenyewe, ikayeyuka na kutiririka. Kiungo kikiachwa kipoe bila ya kutikiswa huwa laini kama tone la maji lililotandaa. Kikitikiswa kabla hakijaganda, au kama joto halikutosha, lehemu hukaa juu kama tone la nta, isishikamane na kitu.

Wingi wa viungo ndio uliowatia wataalamu taabuni. Mashine ya kuhesabu iitwayo ENIAC, iliyokamilika Marekani mwaka 1945 na kuonyeshwa mwaka 1946, ilikuwa na viungo vilivyolehemiwa kwa mkono yapata milioni 5. Fikiri, ewe msomaji: kama kiungo kimoja tu katika elfu kingekuwa kibaya, mashine ingekuwa na makosa 5,000, na kuyatafuta kungemaliza subira ya mtu yeyote.

Kwa sababu hiyo njia za kuunga bila ya moto zilitafutwa. Mwaka 1941 Uncas Whitaker alianzisha Marekani kampuni ya AMP, iliyotengeneza vichwa vya waya vya ndege na meli. Waya uliingizwa katika kikombe kidogo cha madini, kisha koleo ya kubania ikakifinya kikombe kwa nguvu nyingi hata madini yakajongea na kujaza nafasi zote baina ya nyuzi. Hewa haikubaki ndani, kwa hiyo kutu haikupata pa kuanzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa Bell walitumia hekima hiyo kwa namna nyingine: waya ulizungushwa mara kadhaa juu ya pini ya pembe nne kali, na kila pembe ikauma waya kwa nguvu hata hewa isiweze kupenya. Tazama jinsi mafunzo ya mafundi wa nguzo yanavyorudi: kubana, na kuizuia hewa.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likitokea, nalo ndilo lililokifanya kiungo kuwa kidogo kuliko jicho. Mwezi wa Desemba 1947, John Bardeen na Walter Brattain walikuwa wakitafuta njia ya kukuza umeme kwa kipande cha germani. Ilitakiwa ncha mbili za dhahabu ziguse jiwe hilo zikiwa karibu sana, lakini zisigusane. Brattain alibandika utepe wa dhahabu juu ya ncha ya kipande cha plastiki cha pembe tatu, akaukata kwa wembe pale kileleni. Nafasi iliyopatikana ilikuwa kama nusu ya sehemu ya kumi ya milimita. Hivyo ndivyo transista ya kwanza ilivyozaliwa: uvumbuzi uliobadili dunia ulitegemea ncha mbili zilizowekwa mahali pake kwa subira.

Mwaka 1958 Jack Kilby alionyesha ya kuwa sehemu nyingi za saketi zaweza kukaa katika kipande kimoja, lakini sehemu zake bado ziliungwa kwa nyuzi nyembamba za dhahabu. Mwaka 1959 Robert Noyce alipata njia ya kuchapa viungo hivyo juu ya kipande chenyewe. Hata hivyo kipande hicho lazima kiungwe na dunia ya nje, na kazi hiyo ilifanywa kwa miaka mingi na wanawake waliokaa mbele ya hadubini, mathalani katika kiwanda kilichofunguliwa Hong Kong mwaka 1963, wakiunga nyuzi nyembamba kuliko unywele. Majina yao hayaandikwi vitabuni. Lakini redio ndogo na mashine za hesabu za siku zile zilisimama juu ya vidole vyao.

Viunganishi vya nyumbani navyo vilipungua pamoja na mashine. Kwa muda mrefu nafasi baina ya pini na pini ilikuwa milimita 2.54, ambayo ni sehemu ya kumi ya inchi, na mtu mwenye macho mazuri aliweza kuilehemu bila ya taabu. Kisha ikawa milimita 2, ikashuka hata milimita 1 na chini yake. Kiunganishi cha USB kilipotolewa mwaka 1996 kilikuwa na miguso 4. Kile cha USB-C kilichotolewa mwaka 2014 kina miguso 24, na mguso na mguso vimeachana kwa nusu ya milimita. Hicho ndicho kilichomo katika simu nyingi za leo, na tangu mwisho wa mwaka 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inazitaka simu mpya zinazouzwa huko ziwe nacho. Lehemu yenyewe ilibadilika. Kwa kuwa risasi ni sumu, Umoja wa Ulaya uliikataza katika vyombo vingi vya umeme tangu tarehe 1 Julai 2006. Na lehemu isiyo na risasi hutaka joto kubwa zaidi, hivyo mkono usiozoea huyeyusha plastiki kabla ya lehemu.

Je, mtu aliye nyumbani aikate tamaa kazi hii? Wengine husema vitu hivi vimefanywa vidogo ili visitengenezwe tena, na kazi yetu ni kununua na kutupa. Mimi sikubaliani nao kabisa, ingawa nakiri ya kuwa kiunganishi cha miguso 24 hakifai kujifunzia. Lakini kile cha miguso miwili, kama cha taa yetu, kinamwitikia mtu mwenye kioo cha kukuzia, koleo ndogo na subira. Ndani ya kiunganishi kama hicho mna kipande cha madini chenye mabawa mawili mawili. Mabawa ya mbele hukumbatia shaba iliyo wazi, na ya nyuma hukumbatia ganda la waya, ili waya ukivutwa ganda ndilo lipokee nguvu, si shaba. Asiyejua hili huyabana yote juu ya shaba, na kiungo chake hukatika siku ya kwanza kinapopindwa. Koleo ya kawaida hulalia bawa upande mmoja. Koleo iliyofanywa kwa kazi hiyo hulikunja mpaka ndani. Asiye nayo ni heri aache mabawa ya nyuma yashike ganda, na mbele atie tone dogo la lehemu, lisijae hata kipande kisirudi katika nyumba yake.

Kuna na mipaka, nayo mwanafunzi aishike kama amri. Usifungue chombo kilichochomekwa katika umeme wa ukutani. Betri itengwe kwanza, wala ncha zake mbili zisigusane, na chuma cha moto kisiikaribie. Waya mwekundu na mweusi zisibadilishane mahali. Moshi wa ulimbo usivutwe puani, na mikono ioshwe baada ya kushika lehemu kabla ya kugusa chakula.

Nirudi kwenye taa. Asubuhi ya pili yule mvulana na mimi tuliazima chuma cha kulehemu katika maabara ya fizikia. Tuliitenga betri, tukakata sehemu ya waya iliyoungua, tukaondoa ganda kwa milimita mbili tu, tukapaka ulimbo. Mara ya kwanza lehemu ilikaa kama nta, tukaiondoa. Mara ya pili mkono wake ulitikisika. Mara ya tatu ilitiririka, naye akakaa kimya akihesabu mpaka ikaganda. Tulipouvuta waya haukutoka. Taa iliwaka usiku ule na usiku uliofuata, hata mtihani ukamalizika.

Wahenga walisema: mdharau mwiba, guu huota tende. Kiungo cha waya ni kama mwiba kwa udogo wake, na historia imeonyesha jinsi bahari nzima ilivyonyamaza kwa sababu ya kebo isiyolindwa vema. Lakini imeonyesha pia ya kuwa kilichokatika chaweza kuvuliwa kutoka kilindini na kuungwa tena. Kizazi kinachojua kuunga hakitawaliwi na duka. Ewe kijana, kabla hujatupa kitu kilichozimika, kifungue kwa adabu, ukitazame kiungo chake. Huenda palipoharibika ni milimita mbili tu.